Albertine Yuko Kasomeno

Jumapili, 9 Novemba

Mvua ya kwanza ya kweli imenyesha leo, wakati tumo ukumbini mwa parokia. Ilipiga mabati hata hatukusikiana, ikabidi tusubiri. Katika kusubiri huko Mama Benita akasimama.

Tangu Pasaka nimekuwa nikipita mlango kwa mlango hapa Katuba nikitafuta watu wa kuwapokea wanaotoka gerezani. Mimi ni mshona nguo, na kila Jumatano huenda gerezani kuwafundisha wanawake kushona. Nimewaona wengi wakitoka wakiwa na mfuko mmoja wa plastiki, hawana wa kuwapokea. Wanalala stendi, wanaiba, wanarudi ndani. Basi nikaanzisha Kundi la Mapokezi. Lakini kundi lilikuwa jina tu. Papa Anaclet, shefu wa mtaa, aliniambia atatia sahihi kwenye karatasi ya kundi siku nitakayompata mtu mmoja mwenye kufungua nyumba yake. Séverin, mfanyabiashara wa Butembo mwenye depo ya chumvi na maharagwe, aliahidi kazi za kupakia malori, lakini nyumba alisema hana.

Mama Benita ni mkubwa wa wanawake wa soko. Mwanawe Emery alikufa kwa lutuku, ile pombe kali inayopikwa majumbani, iliyoua vijana watatu wa mtaa wetu miaka kadhaa iliyopita. Kila mtu anaijua habari hiyo. Kwa hiyo aliposimama, hata mvua ilionekana kunyamaza.

"Miye mutoto wangu alikufa," alisema. "Huyu kijana munasema atatoka, haina yeye alimuua. Chumba iko. Alale."

Akaketi. Papa Anaclet akaomba kalamu. Familia nne zikanyoosha mikono.

Nimelia njiani, nikiwa na furaha.

12 Novemba

Mvua. Sare za shule za watu hazikukauka, na pasi ya umeme haina umeme.

19 Novemba

Aimé, yule kijana tuliyemzungumzia ukumbini, ametoka. Aliiba betri za gari, akakaa ndani hadi akaota ndevu. Nilimpeleka kwa Mama Benita. Alimtazama viatu, akamletea ndala, akamwonyesha chumba, kisha akamwambia kwamba katika nyumba ile hakuna anayekula kabla hajanawa. Ndiyo karibu yake. Kesho Aimé anaanza kwa Séverin.

Nimegundua kitu: nikibisha mlango na kutaja jina la Benita, mlango unafunguka. "Mama aliyempoteza Emery amepokea, na wewe je?" Hakuna anayeweza kujibu swali hilo. Leo nimelitumia mara nyingi, na kila mara limefanya kazi.

Jumatano, 26 Novemba

Gerezani. Albertine alinisubiri mlangoni pa chumba cha kushonea, akanishika mikono yote miwili. Wamekubali ombi lake, anatoka kwa masharti, juma lijalo.

Nilisema Mungu ni mkubwa.

Ni Albertine aliyepika lutuku ile. Alinunua pipa la plastiki kwa watu waliolitoa migodini, akaliosha, akachachusha ndani yake. Hakujua pipa lile lilikuwa limebeba nini. Nimekaa naye miaka, Jumatano baada ya Jumatano. Ndiye fundi bora kuliko wote niliowafundisha, na hajawahi kuniomba nimwonee huruma. Mara moja tu aliniambia kwamba majina ya wale vijana anayasema kila asubuhi kabla ya kunawa uso.

Mama yake, Mama Chola, bado yuko katika nyumba ileile ya kupanga, njia mbili kutoka kwa Mama Benita. Yu peke yake. Mtoto mwingine hana.

Nilipomwambia Mama Benita habari za kundi, sikumwambia kwamba Albertine naye ana ombi la kutoka. Sikudanganya. Hakuuliza.

30 Novemba

Nilikwenda sokoni nikiwa nimeamua kusema. Uyoga wa kwanza umefika, wanawake wameupanga kwenye masinia barabarani kote. Mama Benita alinipa fungu, akakataa nilipe, akaniambia nimekonda kwa kuzunguka kwa ajili ya watoto wa watu. Wanawake wenzake walikuwa wakinitazama kwa heshima.

Nimerudi na uyoga.

Jumatano, 3 Desemba

Niandike kama ilivyokuwa.

Albertine alitoka kabla ya saa sita. Alivaa gauni alilojishonea mwenyewe, la kitambaa cha bluu, na kola yake ilikuwa imenyooka vizuri. Swali lake la kwanza lilikuwa kama mama anajua. Nilimwambia bado, nilitaka kwanza kuwa na hakika ya siku. Hilo lilikuwa kweli.

Sikumpeleka Katuba. Nilimpeleka depo ya Séverin. Njiani nilimweleza kwamba mtaa bado una hasira, kwamba kuna watu wanaoweza kumfanyia vibaya, kwamba kundi letu ni changa kama mtoto wa juzi. Yote hayo yanaweza kuwa kweli. Sijui, sikumwuliza mtu hata mmoja. Nilimwambia Séverin ana duka Kasomeno, mbali na mji, kwenye barabara ya Kasenga, na duka linahitaji mtu wa kupima chumvi na kulinda samaki wa ziwa Mweru wanaopita pale. Akae majuma mawili. Mimi nitaandaa watu, kisha nitamwita.

"Na mama?" aliuliza.

Nilimwambia mama ataongea kwa furaha, na mtaa wote utajua kesho yake.

Aliketi juu ya gunia la maharagwe. Hakubisha. Gerezani wanajifunza kutobisha, na mimi nililijua hilo, nikalitumia.

"Sawa, Mama Huguette," alisema. "Weye njo unajua bantu." Watu, mimi ndiye ninayewajua.

Séverin nilimwambia kwamba ni mwanamke mwenye matatizo na majirani. Aliuliza kama ni mchapa kazi. Nilisema ndiyo.

4 Desemba

Lori limeondoka alfajiri. Mvua ndogo.

Jumapili, 7 Desemba

Mkutano. Familia tatu zaidi. Wamenipigia makofi, na abbé, padri wetu, amesema parokia nyingine zije zijifunze kwetu. Mama Benita alipiga makofi pia, kwa mikono yake mikubwa ya kuvunja makaa.

Baada ya hapo nilipita kwa Mama Chola na unga na majani ya lengalenga. Miguu yake imevimba. Aliuliza kuhusu binti yake kama anavyouliza siku zote.

"Makaratasi bado, mama," nikasema.

Sasa nimedanganya.

18 Desemba

Majuma mawili yamepita. Sijamwambia mtu. Kushona usiku na mchana kwa ajili ya Noeli, ndivyo ninavyojiambia.

25 Desemba

Albertine alipiga kwa simu ya mlinzi wa duka. Alinitakia Noeli njema. Anasema Kasomeno si pabaya, malori ni mengi, jikoni anapika bukari, ugali wetu, kwa wapakiaji, na wanamwita mama. Kisha akauliza. Nilisema Januari. Alisema sawa.

Mchana nilikula kwa Mama Benita. Alikuwa amechinja kuku wawili. Aimé alimenya vitunguu akitokwa machozi, Benita akamcheka. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka. Palikuwa na picha ya Emery ukutani, na chini yake Aimé alikuwa ametundika kofia yake ya kazi, na hakuna aliyemwambia aitoe.

Nilikula vizuri. Ndilo linaloniudhi.

9 Januari

Mvua. Mama Chola anauliza.

14 Januari

Séverin alinisimamisha mbele ya depo. Anamsifu Albertine, duka halijawahi kuwa safi hivyo, lakini anataka kujua yule mwanamke atarudi lini kwao, kwa sababu kila dereva anayetoka huko anapewa naye salamu zilezile za kuniuliza mimi. Anasema mvua ikizidi, barabara itakatika, kama kila mwaka. Nilisema majirani bado.

"Majirani gani, mama?" aliuliza. Séverin ni Mkristo wa kweli, anafunga duka Jumapili hata watu wakigonga. "Nitajie, niende niongee nao."

Nilimwambia ni jambo la wanawake.

23 Januari

Mvua. Mama Chola anauliza. Nimemwambia hakimu amesafiri. Nilishangaa jinsi hakimu huyo alivyonijia haraka mdomoni.

2 Februari

Nimeanza kumwogopa Mama Benita. Akinijia namtazama usoni kuona kama amesikia. Nimekuwa nikimwona kama mlango ambao ukifungwa, yote yanaanguka, Aimé na wale wengine wote walio katika nyumba za watu kwa jina lake. Najiambia: mwanamke mmoja anayesubiri Kasomeno, na watu wengi wanaolala salama hapa. Ukilitazama hivyo, nina haki. Lakini hesabu hiyo naifanya mimi, na mimi siye ninayesubiri.

Jumapili, 8 Februari

Mama Chola anakohoa. Hakuja misani.

10 Februari

Nimempeleka zahanati. Mapafu. Wamempa dawa na kumrudisha nyumbani, kitanda hakuna.

Jioni Albertine alipiga. Nilikuwa na simu sikioni na harufu ya dawa ya mama yake ikiwa bado mikononi mwangu. Aliuliza, mama eko muzuri? Nilisema anakohoa kidogo, ni hii mvua.

Nilitaka apone kwanza. Akipona, hapatakuwa na haraka. Naandika hili ili nisije nikasema baadaye kwamba sikufikiri. Nilifikiri.

12 Februari

Hakupona. Mvua usiku kucha na asubuhi yote. Nimepiga Kasomeno, simu haipatikani.

Ijumaa, 13 Februari

Simu imepatikana. Nilimwambia Albertine aje, mama yake ni mgonjwa sana. Sauti yake haikubadilika. Aliniambia malori yamesimama tangu juzi. Maji yamelamba kalavati, barabara imefunguka kama mdomo, na foleni imefika mbali. Pikipiki hazivuki. Atatembea hadi ng'ambo, alisema, atafute gari upande wa pili.

"Jumanne ungeniambia, ningepita," alisema.

Hakusema kwa ukali.

Jumapili, 15 Februari

Nilifika kwa Mama Chola mchana, baada ya misa, nikamkuta Mama Benita.

Alikuwa ameketi kitandani, kichwa cha bibi kikiwa mapajani pake, anampangusa uso kwa kitambaa kibichi. Sufuria ya uji ilikuwa chini. Aimé alikuwa nje anapanga ndoo chini ya paa linalovuja. Kumbe tangu Ijumaa Benita alikuwa hapo, amefunga meza yake sokoni.

Nadhani uso wangu ulisema kitu, maana alinieleza bila mimi kuuliza.

"Chola hakupika lutuku," alisema. "Na tulizaa mwaka moya, siye wawili. Mimi Emery, yeye ule wake."

Hakutaja jina la Albertine. Lakini alisema "ule wake" kama mtu anavyosema habari ya mtoto wa jirani, bila sumu. Nilisimama pale mlangoni, maji yakinitiririka mgongoni. Nikaanza kuelewa kwamba miezi yote hii nimekuwa nikimwogopa mwanamke mwingine, niliyemtengeneza mwenyewe, nikampa jina la Benita.

Mama Chola alifungua macho. Alinitambua. Alisema kwa pumzi ndogo:

"Albertine eko wapi?"

Yuko Kasomeno, mama. Yuko njiani, anatembea kwenye matope, anakuja kwako. Maneno hayo yalikuwa yote mdomoni mwangu. Yalihitaji pumzi moja tu. Nilimtazama Benita. Alikuwa ameinama, sikio lake karibu na midomo ya bibi. Nikaona ukumbi wa parokia, mikono iliyonyooshwa, ile siku ya mvua. Nikanyamaza.

Benita akajibu badala yangu.

"Eko ndani, mama. Atatoka. Mungu atamutoa."

Bibi akafumba macho.

Nilichukua ndoo iliyojaa nikaenda kuimwaga nje. Nilibaki uani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

16 Februari

Mama Chola amefariki asubuhi. Benita ndiye aliyemfunga kidevu.

17 Februari

Tumemzika. Kaburi lilikuwa linajaa maji, vijana walikuwa wakiyachota wakati abbé anasoma. Kundi la Mapokezi lilikuja lote. Watu waliniambia pole kama vile mimi ndiye mfiwa.

Alhamisi, 19 Februari

Wakati wa kilio watu hukaa nyumba ya marehemu siku kadhaa, wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye viti mbele ya moto. Leo mchana tulikuwa wengi. Mvua ilikuwa imekatika na jua likitoa mvuke kwenye udongo mwekundu.

Albertine akaingia uani.

Matope yalimpanda hadi mapajani, yamekauka na kupasuka. Gauni lile la bluu halikuwa na rangi tena. Alibeba viatu mkononi. Alitazama mlango, akatazama mikeka, akaelewa. Nilikuwa nimepiga simu dukani siku ya kifo, lakini yeye alikuwa amekwisha kuondoka. Hakuna aliyemwambia. Aliupata msiba kwa macho yake mwenyewe.

Hata waimbaji waliacha wimbo katikati. Mtu mmoja kwa nyuma alinong'ona neno pombe.

Mama Benita alikuwa kwenye mkeka wa kati, mahali pa wenyeji wa msiba. Alimtazama. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na jiko, nimeshika mwiko, na sikuweza kuuweka chini.

"Ulitoka lini?" Benita aliuliza.

"Mwezi ya kumi na mbili, mama."

"Ulikuwa wapi?"

"Kasomeno. Mama Huguette alisema ningoye kule. Alisema muko na hasira."

Benita aligeuza kichwa, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. Alinitazama tu, na nikaona anarudi nyuma kwa mawazo, siku moja baada ya nyingine, mpaka Jumapili ile kando ya kitanda. Nikaona anaifikia.

Kisha akasogea kwenye mkeka, akaacha nafasi.

"Ikala," alimwambia Albertine. "Mama yako amezikwa. Ikala hapa."

Albertine alikaa. Hawakugusana. Baada ya muda Benita aliinuka, akafunga kikwembe chake upya kiunoni, akatoka. Aimé alimfuata.

20, 21, 22 Februari

Sikuandika.

Jumatano, 25 Februari

Sikuenda gerezani leo. Séverin alikuja karakana kwangu, akaketi kwenye kiti cha wateja, akakataa maji. Alisema gari lake limebeba vitu vingi katika maisha, na mara nyingine dereva amemficha mzigo, lakini hajawahi kufichwa mzigo na mtu anayemwita mama. Alisema angempeleka Albertine kwa mama yake siku ileile ya Desemba, na angesimama mlangoni yeye mwenyewe. Nilimwamini. Ndiyo maana sikuwa nimemwambia.

Ijumaa, 27 Februari

Mama Benita amekuja.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa na maneno yangu pia, ya kundi, ya wale walio katika nyumba za watu, ya Aimé. Aliketi, akaweka mikono magotini. Alizungumza polepole.

"Kama ulikuya kwangu Desemba, ukasema, Benita, ule mwanamuke anatoka, sijue ningejibu nini. Pengine ningekatala. Ningekutukana, ningetoka mu kundi. Iko vile." Akasogeza kiti karibu. "Lakini kukatala ile ilikuwa yangu. Ulikatala pa nafasi yangu. Na siku mama anauliza, ukaniacha mimi njo nimudanganye."

Nilisema nisamehe.

"Hapana leo," alisema.

Alipofika mlangoni aligeuka, akasema Jumapili atakuja mkutanoni, na kwamba nitaeleza kila kitu mwenyewe, nimesimama.

Jumapili, 1 Machi

Nimeeleza. Nimesimama.

Nilianza na sababu zangu, nikasikia sauti yangu inavyopendeza, nikaziacha. Nikasema nilichofanya tu, kwa mpangilio, hadi uani na ndoo.

Papa Anaclet alisema jina lake liondolewe. Familia mbili zilisema wageni wao waondoke juma hili, maana kama mkubwa wa kundi anaficha, nani anajua nani analala kwao. Mama mmoja aliniuliza kama yule aliye kwake ameua mtu. Nilimwambia hapana. Akasema atajuaje sasa kwamba ni kweli.

Mama Benita alingoja wamalize. Alisema Aimé haendi popote. Alisema kuanzia leo, kabla mtu hajaletwa katika mtaa, waliodhurika naye watafuatwa kwanza, majumbani kwao, na wakisema hapana, hapana hiyo itasikilizwa, na mtu atatafutiwa mahali pengine bila uongo. Alisema mimi sitaongoza tena. Abbé akauliza nani ataongoza. Watu walimtazama yeye.

Kisha akauliza Albertine yuko wapi. Mtu akajibu kwamba mwenye nyumba ya Mama Chola anataka chumba chake mwisho wa juma.

"Kwangu hapana," Benita alisema. "Siwezi, sitasema naweza. Ataikala kwa Huguette. Huguette alibisha mulango ya bantu bote, kwake haiko muntu hata moya."

Ni kweli. Nina chumba cha vitambaa, chenye dirisha. Katika miezi yote hii halikunipitia wazo hilo.

7 Machi

Albertine amehamia. Nilitoa vitambaa. Alikuja na godoro la mama yake na sufuria. Alisema aksanti kwa adabu ileile ya Jumatano za gerezani. Ningependa kama angenitukana.

15 Machi

Anashona mezani kwangu, kwenye cherehani ya pili. Wateja wawili wamechukua vitambaa vyao wakaenda kwingine. Hatuzungumzi mengi. Nikimwita dada haitiki, nikimwita Albertine anaitika.

28 Machi

Mvua zinapungua. Wale waliofukuzwa: mmoja amepata mahali kwa mhubiri wa Kampemba, wa pili alionekana stendi. Nilikwenda kumtafuta, sikumpata. Nimekwenda tena, sikumpata.

Jumatatu, 6 Aprili

Jana, Pasaka, Albertine alivaa gauni jipya akaenda kwa Mama Benita, peke yake. Alikaa huko mchana wote. Aliporudi macho yalikuwa yamevimba. Sikumwuliza walisema nini, na hakuniambia. Leo Aimé alinidokezea kwamba aliwakuta wawili mbele ya picha ya Emery, Albertine amepiga magoti, Benita amesimama, na kwamba Benita hakumwambia inuka, wala hakumwambia toka. Nilimkataza asiendelee. Hilo si langu.

19 Aprili

Mvua ya mwisho, nadhani. Nyepesi, bila ngurumo.

Leo Albertine aliacha kushona, akaniuliza mama yake alikuwa anapenda kula nini siku za mwisho. Nilimwambia aliomba viazi vitamu vya kuchoma, nikamletea, akala maganda pia. Albertine akacheka kidogo. Akauliza siku nyingine. Nikamwambia siku aliyomfukuza kuku wa jirani kwa fimbo akiwa ameketi.

Nilielewa basi kwamba siku hizo ninazo mimi peke yangu. Desemba, Januari, kila nilipompitia. Zilikuwa zake, nami nilikuwa nimezikalia.

3 Mei

Kila jioni anauliza siku moja. Namwambia yote, na uongo wangu pia: siku ya makaratasi, siku ya hakimu. Wakati mwingine anasimamisha cherehani. Siku ya hakimu alitoka nje, akarudi giza limeingia, akaniambia niendelee.

Jumapili, 17 Mei

Baridi ya asubuhi imeanza, anga ni safi, vumbi limerudi. Tumekaa uani baada ya misa, anachambua sombe, majani ya muhogo, mimi natwanga.

Leo imefika ile siku. Hakuna nyingine iliyobaki. Nilimwambia kuhusu mvua, paa, ndoo, uji, kichwa cha mama yake mapajani kwa Benita. Nilimwambia alivyofumbua macho. Nilimwambia alichouliza, kwa maneno yaleyale.

"Na weye ulijibu nini?"

"Sikujibu. Maneno nilikuwa nayo, sikuyasema."

Aliendelea kuchambua. Aliokota jani moja lililoanguka, akalipuliza, akalitia chungu. Nilingoja anifukuze katika nyumba yangu mwenyewe, na ningetoka.

"Aliita jina yangu," alisema.

"Ndiyo. Aliita."

Alinyanyuka, akaenda jikoni na chungu. Nilisikia anapuliza makaa. Kisha sauti yake ikatoka mle ndani, ya kawaida, kama ya mtu anayeomba chumvi.

"Kesho utaniambia tena ile siku."

Nilisema nitamwambia.